Kerneli ni nini? Anzia kwenye korosho

Juzi tupo uwani Mikindani tunabangua korosho za kula nyumbani, mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta akaniuliza, mjomba hivi kerneli ni nini hasa, maana kila nikisoma naambiwa ni sehemu kuu ya mfumo endeshi halafu basi. Nikamwonyesha korosho aliyoishika mkononi. Hilo neno kwa Kiingereza ndo hilohilo wanaloitia ile nyeupe ya ndani ya korosho, yaani kiini, na ganda lake wanaita sheli, na kwenye kompyuta sheli ndo ile programu ya nje unayoiandikia amri. Mfano mzuri ila unaishia hapo.

Kazi yake sasa. Kerneli ndo inayogawa memori, inapanga zamu za prosesa na inaongea na vifaa. App ikitaka kupiga picha haigusi kamera yenyewe, inaomba kerneli. Na siyo suala la heshima tu, prosesa yenyewe inalazimisha: kwenye kompyuta za Intel na ndugu zake kerneli inakaa ngazi 0, programu zetu zinakaa ngazi 3, ukijaribu kufanya la ngazi 0 ukiwa ngazi 3 prosesa inakukatalia papo hapo na kuirudishia kerneli usukani.

Lakini mi naamini huwezi kuielewa vizuri mpaka uandike ya kwako, hata iwe inaandika neno moja tu kwenye skrini na kusimama. Usiogope, Linus Torvalds alipoanza kuandika kerneli yake ya Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 pale Helsinki na alisema wazi ni kitu cha kujifurahisha.

Ukiwasha kompyuta ya mtindo wa zamani, BIOS, programu iliyomo kwenye bodi ya kompyuta yenyewe, ndo inaamka kwanza, inakagua vifaa, halafu inasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, inaangalia baiti mbili za mwisho kama ni 55 na AA (namba za mfumo wa kumi na sita, ndo hizo tunazoziandika na 0x mbele), zikiwepo inaiweka ile sekta kwenye memori anwani 0x7C00 na kurukia hapo, haiulizi umeandika nini. Baiti 512 ni finyu mno, ndo maana kuna butiloda, programu ndogo ambayo kazi yake ni kuleta kerneli nzima kutoka kwenye diski na kuikabidhi mashine. Mpwa wangu nilimwambia atumie GRUB, butiloda iliyokwisha tengenezwa, asihangaike na butiloda yake siku ya kwanza. GRUB inatafuta namba 0x1BADB002 ndani ya baiti 8192 za mwanzo za faili lako, ikiiona inajua hii ni kerneli, na wengi tunaipanga ikae kuanzia megabaiti 1.

Hapa ndo patamu na ndo wengi wanakwama. Umeingia kwenye kodi yako, yaani maagizo ya programu uliyoandika, huna printf ya kuandika kwenye skrini, huna malloc ya kuomba memori, huna faili, maana hivyo vyote unavyovizoea vinasimama juu ya kerneli na kerneli sasa hivi ni wewe. Hata staki, eneo la memori ambalo programu inawekea vitu vyake vya muda, haipo, lazima mistari michache ya asembli, lugha ya prosesa yenyewe, itenge eneo la memori na kuiambia prosesa staki yako ni hapa, ndo uite kodi yako ya lugha ya C. Ukisahau, mashine inaweza kujizima na kuwaka, kuzima na kuwaka, bila kukwambia kosa, na utakesha.

Kuandika kwenye skrini unatumia anwani 0xB8000. Skrini ya maandishi ina safu 80 kwa mistari 25, kila herufi inachukua baiti mbili, ya kwanza herufi, ya pili rangi. Kwa hiyo ukiweka 'M' pale 0xB8000 na 0x0A kwenye baiti inayofuata, inatokea M ya kijani kona ya juu kushoto. Ukimaliza unazima intarapti, yaani ishara za vifaa zinazoikatiza prosesa kazi, na kuisimamisha prosesa kwa amri ya hlt ndani ya lupu, la sivyo itaendelea kusoma takataka zilizopo mbele kama vile ni amri.

Jaribu kwanza kwenye QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, usijaribie kwenye laptop yako ya kazi, amri ni qemu-system-i386 -kernel kiini.bin tu, kiini.bin ikiwa ni faili la kerneli yako. Laptop mpya zinatumia UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS, huko hiyo 0xB8000 usiitegemee.

Dogo alipoona neno MTWARA la kijani akataka kibodi siku hiyohiyo. Kibodi inakuita kwa intarapti, unasoma poti 0x60, mlango wa prosesa wa kuongea na kifaa, na ukibonyeza A haikupi herufi A, inakupa 0x1E, namba ya kitufe tu, jedwali la kuigeuza iwe herufi unaandika mwenyewe.