Mkusanyiko wa nyaraka ni nini? Mfano wa ufinyanzi wa Chuo cha Newcomb

Kipindue chombo cha udongo kilichotengenezwa Chuo cha Newcomb, Marekani, utazame kitako chake. Utakuta N ndogo iliyokaa ndani ya C. Hiyo ni alama ya chuo. Utakuta J na M zilizofungamana, yaani Joseph Meyer, fundi wa gurudumu. Pembeni kuna herufi za mwanamke aliyechora nakshi, mara nyingi zimesukwa pamoja hadi zinafanana na ua. Pengine kuna nambari ya umbo na herufi ya mchanganyiko wa udongo. Mwisho kuna herufi moja au mbili zilizofuatwa na tarakimu, kitu kama X22. Hiyo ndiyo nambari ya usajili, na peke yake haisemi lolote. Inasema ukiwa na karatasi mkononi.

Karatasi hizo ndizo zinazoitwa mkusanyiko wa nyaraka: barua, madaftari, picha, michoro, hesabu na vipeperushi vilivyozaliwa na kazi ya mtu mmoja au taasisi moja, vikatunzwa pamoja kwa sababu vilitoka pamoja. Neno la kushika hapo ni "vilizaliwa". Hakuna aliyekaa akaziandika ili tuzisome leo. Daftari la mauzo liliandikwa ili fedha isipotee, barua iliandikwa ili udongo uletwe, na picha ya darasa ilipigwa ili itolewe kwenye kipeperushi cha chuo. Mtafiti anachungulia shughuli za watu wengine, na nyaraka hupendwa kwa sababu hiyo hasa.

Tanzania tuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na jina lenyewe limebeba maneno mawili ambayo wengi huyachanganya. Kwa matumizi ya ofisini, kumbukumbu ni karatasi ambazo bado zinahitajika kazini. Zikimaliza kazi yake, nyingi huteketezwa kwa utaratibu, na chache zenye thamani ya kudumu huhamishiwa kwenye hifadhi. Hizo chache ndizo nyaraka.

Mkusanyiko wa nyaraka si maktaba wala makumbusho. Maktaba hupanga vitabu kwa mada, kwa hiyo vitabu vya ufinyanzi hukaa pamoja hata kama vimetoka nchi 20. Makumbusho huchagua kipande kimoja kimoja kwa uzuri au umuhimu wake. Hifadhi ya nyaraka hufuata kanuni mbili. Ya kwanza ni asili: karatasi za ofisi moja hazichanganywi na za ofisi nyingine, hata zikizungumzia jambo lile lile. Ya pili ni mpangilio wa awali: kama mwenye karatasi alizipanga kwa mwaka, zinabaki kwa mwaka, na kama alizipanga kwa majina, zinabaki kwa majina. Anayezipanga upya "vizuri zaidi" anafuta ushahidi wa jinsi kazi ilivyofanyika.

Ili kanuni hizo zieleweke, tuujue mradi wenyewe. Chuo cha H. Sophie Newcomb Memorial kilianzishwa mwaka 1886 mjini New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani, kwa fedha za Josephine Louise Newcomb. Alitaka kumkumbuka bintiye Harriott Sophie, aliyefariki mwaka 1870 akiwa na miaka 15. Kilikuwa chuo cha wanawake ndani ya Chuo Kikuu cha Tulane. Mwaka 1895 idara ya sanaa chini ya Ellsworth Woodward ilianza ufinyanzi, na Mary Given Sheerer, aliyekuwa ametoka Cincinnati mwaka mmoja kabla, akafundisha upambaji wa vyombo. Shabaha ilikuwa kuwapa wasichana waliohitimu kazi ya sanaa yenye kipato, kwa hiyo wapambaji wengi hawakuwa wanafunzi bali wahitimu. Wanaume waliumba chombo kwenye gurudumu, wanawake wakachora. Siku zile watu waliona gurudumu si kazi ya bibi wa heshima.

Vyombo vilisifika upesi. Maonesho ya Paris ya mwaka 1900 yaliwapa medali ya shaba. Sharti lililowabana wenyewe lilikuwa kwamba nakshi hairudiwi. Mti au ua lile lile liliweza kutokea tena, lakini kila chombo kilichorwa kivyake. Kabla ya kufungwa mwaka 1940, vipande kiasi cha 70,000 vilikuwa vimetoka. Sasa fikiria vyombo 70,000, hakuna viwili vinavyolingana, na kila kimoja kina bei yake, mchoraji wake na tarehe yake. Bila daftari, huo ni msitu.

Ndiyo maana kukawa na nambari ya usajili. Kila herufi ilipangiwa nambari hadi 100, halafu wakaenda herufi inayofuata. Piga hesabu: herufi 26 mara 100 ni vipande 2,600 tu, na karakana inayofanya kazi kila siku humaliza hizo kwa miaka michache. Alfabeti ilipoisha wakaingia herufi mbili mbili. Hapo ndipo mnunuzi wa leo anapojikwaa. Huona herufi za usajili akadhani ni za mchoraji, au huona tarakimu akadhani ni mwaka. Tarakimu 22 haimaanishi 1922. Ni kipande cha ishirini na mbili katika fungu lake, na mwaka hupatikana kwa kulijua fungu hilo lilitumika lini.

Alama moja haitoshi; ushahidi hupimwa kwa kulinganisha alama moja na nyingine. Meyer alifika mwaka 1896 akastaafu mwaka 1927, kwa hiyo JM chini ya chombo inakupa mipaka miwili. Mwaka 1910 alikuja Paul Cox, mtaalamu wa kemia ya ufinyanzi. Baada yake ule utando wa kioo unaofunika chombo ukabadilika: zamani uling'aa kama maji, sasa ukawa mfifu kama ngozi ya tunda. Nakshi nazo, zilizokuwa mistari iliyokwaruzwa kwenye udongo mbichi na kujazwa rangi ya buluu na kijani, zikawa za kuchonga ziinuke kidogo. Ukiletewa chombo chenye utando mfifu na nambari ya mwaka 1903, kimojawapo kinadanganya: nambari imesomwa vibaya, au alama imeghushiwa. Daftari ndilo hakimu.

Ndani ya hifadhi, karatasi hupangwa kwa ngazi. Juu kabisa kuna mkusanyiko. Chini yake kuna safu, yaani makundi makubwa yanayotokana na kazi: barua za mkuu wa idara, hesabu, picha, michoro, karatasi za maonesho. Kila safu ina majalada, na jalada lina karatasi zenyewe. Majalada huingia kwenye maboksi ya kadibodi isiyo na asidi. Boksi la kawaida lina upana wa inchi 5, kwa hiyo mkusanyiko wenye futi 10 za rafu ni maboksi kama 24. Huo ndio ukubwa unaotajwa, na wageni hushangaa kwa nini hawaambiwi idadi ya karatasi. Hakuna mwenye muda wa kuhesabu maelfu ya karatasi moja moja.

Kwa sababu hiyo hiyo hutaipata karatasi moja moja kwenye katalogi. Utapata mwongozo: maelezo ya nani aliziunda karatasi, za miaka gani, zilifikaje hapo, zimepangwaje, kisha orodha ya maboksi na majalada. Mwongozo mzuri huandika "Boksi 3, jalada 12, barua, 1908–1911" na kuishia hapo. Kilichomo ndani utakijua ukifungua. Anayetafuta jina la mchoraji kwenye kompyuta, akakosa, akaondoka akiamini hakuna kitu, amefanya kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote. Jina halimo kwenye mwongozo. Limo kwenye jalada.

Na majina ya wanawake yana mtego wake. Leona Nicholson alizaliwa Fischer. Sadie Irvine, aliyesifika kwa mialoni iliyoning'iniza nyuzi za kuvumwani mbele ya mwezi, jina lake kamili ni Sarah Agnes Estelle Irvine. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na herufi za ubini wa kwao chini ya chombo, jina la mume kwenye hesabu, jina la utani kwenye barua ya rafiki, na "Miss" na ubini tu kwenye kipeperushi. Andaa orodha ya majina yote hayo kabla hujaingia chumba cha kusomea, kisha tafuta kwa kila moja. Irvine huyo huyo, uzeeni, aliandika barua akilalamikia mialoni na mwezi vilivyomng'ang'ania. Barua ya namna hiyo ni nyaraka pia, ila ipimwe tofauti na daftari: inaeleza alivyojisikia miaka mingi baadaye, lakini kwa tarehe halisi ya chombo, daftari lililoandikwa siku ile lina nguvu zaidi.

Kuna pia ukimya, na mtu mzoefu huusoma kama anavyosoma maandishi. Barua ya mwaka 1886 ya kutoa fedha ilisema chuo ni cha wasichana na wanawake weupe, na Tulane haikupokea wanafunzi Weusi hadi mwaka 1963. Karatasi za taasisi ya namna hiyo hutaja kwa jina aliyechora, aliyefundisha na aliyenunua. Aliyebeba udongo kutoka ng'ambo ya Ziwa Pontchartrain na aliyefagia majivu ya tanuri huonekana, kama anaonekana, kwenye mstari wa gharama bila jina. Anayeandika historia ya vyombo hivi kwa nyaraka za chuo pekee ataandika historia ya ghorofa ya juu.

Tuje kwenye utunzaji, kwa sababu hapa ndipo mikusanyiko mingi hufia. Karatasi ya kuanzia miaka ya 1870 na kuendelea nyingi ilitengenezwa kwa rojo la mti lenye asidi. Hugeuka manjano, halafu kahawia, halafu huvunjika pembeni kama mkate mkavu. Kipande cha gazeti kikilala juu ya barua huichoma barua kwa asidi yake na kuacha kivuli cha umbo lake. Kwa hiyo vipande vya gazeti hunakiliwa kwenye karatasi salama au hutengwa kwa karatasi katikati. Pini za stepla na bano za chuma hutolewa kwa mkono, taratibu, maana kutu hutoboa. Selotepu haibandikwi kamwe. Gundi yake huingia kwenye nyuzi za karatasi, na ikikauka huacha doa lisilotoka. Picha hukaa kwenye bahasha zake, na negativu za kioo husimamishwa wima, kwa sababu zikilazwa zile za chini hupasuka kwa uzito. Nambari huandikwa kwa penseli laini, nyuma, pembeni, isibonyee hadi upande wa pili.

Picha ikitolewa kwenye barua iliyokuja nayo ili ipelekwe kwenye bahasha yake, karatasi ya kuonesha ilikohamia lazima ibaki mahali pake. Kuisahau ni kosa dogo lenye madhara makubwa kuliko kutu. Picha ya wanawake watano wakichora, iliyotengwa na barua inayowataja, hubaki kuwa picha ya wanawake watano.

New Orleans, zaidi ya hayo, ni mji wa joto na unyevu, na sehemu kubwa imekaa chini ya usawa wa bahari. Koga huamka unyevu wa hewa ukipanda juu ya asilimia 65 hivi na kukaa hapo. Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipopita na kingo za mifereji kupasuka, maji yaliingia vyumba vya chini vya maktaba ya Howard-Tilton na Jones Hall pale Tulane, vilivyokuwa na vitabu na nyaraka. Karatasi iliyolowa huanza kuota koga ndani ya saa 48 hivi, na hakuna hifadhi inayoweza kukausha maelfu ya majalada kwa muda huo. Dawa ni kugandisha. Boksi linaingia kwenye friza, koga inasimama, kisha barafu hutolewa kwa ombwe ikageuka mvuke bila kupitia maji. Karatasi za picha zinazong'aa ndizo hazisubiri, kwa sababu zikikauka zimegusana hushikana daima.

Mwaka 2006 chuo cha Newcomb kama chuo kilifungwa katika mageuzi yaliyofuata kimbunga, na mahali pake ikawekwa taasisi yenye jina hilo ndani ya Tulane. Kwa mtunza nyaraka, hilo halikubadili kanuni. Karatasi za chuo hubaki chini ya jina la chuo kilichoziunda, hata kama chuo hakipo na boksi limehamishwa jengo. Atakayekuja na chombo chenye X22 chini yake ataulizia ufinyanzi wa Newcomb, atapewa mwongozo, atajaza fomu ya ombi, atanawa mikono na kuikausha, ataletewa boksi moja kwa wakati, na ndani ya boksi atafungua jalada moja kwa wakati, kalamu ya wino ikiwa imeachwa mlangoni.