Mtini wa Kwenye Chungu Ukiamka Mapema, Usiulazimishe Kulala Tena

Kila majira ya baridi yanapokaribia kwisha, meza yetu ya ushauri wa afya ya mimea hupokea swali lilelile: mtini ulioingizwa ndani umeanza kutoa majani, na nje bado kuna jalidi (baridi inayogandisha maji), ufanyweje? Walio kaskazini mwa ikweta huuliza Februari, walio kusini huuliza Agosti. Safari hii maswali yamezidi, na picha nyingi tunazoletewa ni za miti iliyoumizwa na tiba ya mwenyewe. Kuamka peke yake hakujaiua.

Mtini, Ficus carica, hauna usingizi mzito. Aina nyingi za tufaha hudai saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 (nyuzi zote humu ni za Selsiasi). Mtini hutosheka na saa 100 hadi 300 hivi. Kwa hesabu hiyo, mti ulioachwa nje ukapukutisha majani, kisha ukapata wiki mbili tatu za baridi ya kweli, umeshashiba usingizi kabla majira hayajafika nusu. Kuanzia hapo unachelewa kuchipua kwa sababu tu mahali ulipo ni pa baridi. Pakipata nyuzi 10 au zaidi mchana na usiku kwa siku kadhaa, macho, yaani vifundo vya tawi vinavyotoa chipukizi, yanaanza kuvimba. Kwa mtini usio na majani, joto ndilo linaloamua, na ndilo la kushughulikia kwanza.

Hifadhi inayofaa ni kati ya nyuzi 0 na 7. Zikishuka kidogo chini ya 0 kwa usiku mmoja, mti uliolala hauathiriki. Matawi yaliyokomaa huweza kuvumilia hata nyuzi 8 chini ya sifuri kwa muda mfupi, lakini mizizi iliyo kwenye chungu haivumilii kiasi hicho, kwa kuwa haina ardhi ya kuikinga pande zote.

Wengi hutuambia, "Chumba changu ni baridi, nimepima." Umepima wapi? Kipimajoto kilichotundikwa ukutani kwenye kimo cha macho yako hakisemi lolote kuhusu udongo wa chungu. Tumia kipimajoto kinachoweka kumbukumbu ya joto la juu kabisa na la chini kabisa, kiweke kando ya chungu, kisha kisome kila asubuhi kwa wiki moja. Mara nyingi mshangao unakuwa kwenye kile kiwango cha juu. Banda la gari linalopakana na ukuta wa nyumba yenye hita hupata joto kupitia ukuta huo. Gari lililotoka safarini na injini ya moto huongeza joto kwa saa kadhaa. Tangi la maji ya moto, bomba linalopita chini ya sakafu, mashine ya kufulia, vyote vinahesabika. Chungu kilichowekwa juu ya rafu kiko kwenye hewa yenye joto kuliko kilicho sakafuni. Tena kuna dirisha linalopokea jua la mchana: chungu cheusi kikipigwa na jua hilo, udongo wake unaweza kupata joto la majira ya kuchipua huku hewa ikibaki baridi. Kitalunyumba kisichofunguliwa madirisha siku ya jua ni kibaya kuliko vyote.

Basi tiba ya kwanza ni kuhamisha. Sogeza chungu kwenye ukuta unaotazama nje, mbali na dirisha, kikae sakafuni. Kama sakafu yenyewe ina joto, weka chini ya chungu mbao au kipande kinene cha lile povu gumu linalofungashiwa vyombo vya umeme. Kama sakafu ni baridi kweli, usiweke kitu. Uache ubaridi upande. Usiku ambao nje ni juu ya nyuzi 0, fungua mlango au dirisha uingize baridi, kisha funga asubuhi kabla joto la mchana halijaingia. Watu hufanya kinyume: hufungua mchana "ili mti upate hewa" na kufunga usiku.

Kabla ya kuchukua hatua nyingine yoyote, tazama jicho la ncha ya tawi. Hapo ndipo uamuzi ulipo.

Jicho likiwa limevimba lakini maganda yake bado yamefumba, bado una nafasi. Peleka mti penye nyuzi 1 hadi 5, usiongeze maji, na unaweza kuuchelewesha kwa wiki kadhaa. Likiwa limepasuka na ncha ya kijani inaonekana, kuchelewesha bado kunawezekana, ila sasa jalidi ni adui. Uweke kati ya nyuzi 3 na 8, usishuke hapo. Ncha hiyo ina maji mengi na huungua kwa nyuzi 1 au 2 tu chini ya sifuri, ingawa tawi linaloibeba lingevumilia baridi kali zaidi.

Majani yakishafunguka, hata kama jani halijazidi upana wa sarafu, usingizi umekwisha. Hakuna mahali pa kuurudisha. Mti huo sasa unahitaji mwanga, na unauhitaji leo, kwa sababu jani linalokua gizani hutumia akiba ya wanga iliyo kwenye shina bila kurudisha kitu. Utaliona: vikonyo virefu, majani meupe, pingili zilizoachana, chipukizi linaloinama kwa uzito wake mwenyewe. Weka chini ya taa za LED za mimea, sentimita 20 hadi 30 juu ya ncha, saa 14 hadi 16 kwa siku. Joto la nyuzi 12 hadi 16 linatosha na ni bora kuliko 22, kwa sababu ukuaji unakuwa mfupi na mgumu. Mwanga hafifu pamoja na joto la sebuleni ndio mchanganyiko unaoharibu miti mingi zaidi. Ukikosa taa, dirisha linalopata jua jingi ndani ya chumba kisicho na hita litafaa.

Mwagilia sentimita 3 hadi 5 za juu za udongo zikikauka. Mbolea isubiri mpaka majani manne au matano yawe yamekomaa, kisha anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ndani ya nyumba kagua mgongo wa majani kila wiki. Utitiri mwekundu hupenda hewa kavu ya vyumba vyenye hita, na wadudu gamba hujibanza kwenye makovu ya majani ya zamani.

Sasa kuhusu tiba za mitaani. Tumeshajibu haya mara nyingi kiasi kwamba tutayasema kwa ufupi.

Kukata chipukizi changa ili mti "usahau" na kulala: ukiondoa ncha, umeondoa kile kinachoyazuia macho ya chini. Badala ya chipukizi moja utapata manne, na yote yatakula akiba ileile. Kufunika mti kwa mfuko mweusi: giza halilazi mtini, na mfuko hushika unyevu na kuleta ukungu, ukipigwa na jua, unapika. Kuutoa nje kwenye theluji baada ya majani kufunguka: huko ni kuua majani, na mti utalazimika kuanza upya kwa akiba iliyopungua. Mti mkubwa huweza kumudu hasara hiyo mara moja. Mche wa mwaka wa kwanza unaweza usiinuke tena.

Kuna pia wanaonyima maji kabisa. Mtini uliolala hunywa kidogo sana, lakini hunywa. Kwa chungu cha lita 20, nusu lita kila wiki tatu au nne hutosha katika chumba baridi. Lengo ni udongo wenye unyevu kidogo unapochimba kwa kidole, usiwe tope. Udongo ukikauka ukawa vumbi, mizizi myembamba hufa kimyakimya, na mwenyewe hugundua wakati wa kuchipua, macho yanapovimba kisha kunyauka. Anayezidisha maji naye huozesha mizizi, na dalili za juu ya udongo ni zilezile. Ndiyo maana hatuwezi kukuambia kilichoua mti wako kwa picha ya tawi. Utoe kwenye chungu, tazama mizizi: iliyokauka huvunjika, iliyooza huteleza na kunuka.

Na tafadhali, msitafute dawa ya kuchelewesha macho. Dawa ya macho ya miti inayojulikana zaidi, sianamidi ya hidrojeni, hufanya kinyume: huamsha macho. Ni sumu kwa anayeipulizia, na hudhuru vibaya zaidi mtu aliyekunywa pombe karibu na wakati wa kuitumia. Umoja wa Ulaya hauiruhusu. Haina nafasi kwenye banda la gari la mtu.

Kama baridi imeshaunguza majani, usishike mkasi siku hiyo. Ngoja wiki tatu au nne mahali pasipo na jalidi. Kisha kwaruza gamba kwa ukucha kuanzia nchani ukishuka: rangi ya kahawia na ukavu ni tawi lililokufa, kijani chenye unyevu ni uhai. Kata juu kidogo ya jicho la kwanza lililo hai. Vaa glavu, kwani utomvu mweupe wa mtini una kemikali zinazochubua ngozi inapopigwa na jua, na malengelenge yake hujitokeza baadaye, si papo hapo. Utakachopoteza zaidi ni tini za kwanza, zile zinazobebwa na matawi ya mwaka uliopita. Tini za msimu mkuu hutoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo zitakuja, ingawa kwa kuchelewa.

Kipindi kati ya majani kufunguka na mwisho wa jalidi ni cha kubeba chungu: nje mchana joto likizidi nyuzi 10, ndani usiku likielekea kushuka chini ya 5. Usimwamshe aliyelala, walisema wazee, ukimwamsha utalala wewe. Hapa hata kulala hulali. Weka chungu juu ya ubao wenye magurudumu. Siku mbili tatu za kwanza kikae kivulini, kisha saa moja ya jua la asubuhi, uongeze saa moja au mbili kila siku kwa siku 7 hadi 14. Majani yaliyoota ndani hayajawahi kuonja jua kali na huungua mabaka meupe kwa mchana mmoja.

Jambo la mwisho ni la kisheria, na tunaomba lisomwe lote. Aliyepoteza mti hukimbilia kutafuta vipandikizi, na huu ndio msimu ambao watu hukata, hugawana na kutumiana kwa posta. Kipandikizi cha mtini kisicho na jani bado ni mmea hai. Kinaweza kubeba virusi vya batobato ya mtini, ambavyo husambazwa kwa vipandikizi na kwa utitiri mdogo sana aitwaye Aceria ficus, asiyeonekana kwa macho. Mti ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya.

Kwa utaratibu unaotokana na Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea wa 1951, mimea inayovuka mpaka huambatana na hati ya afya ya mimea inayotolewa na mamlaka ya ulinzi wa mimea ya nchi inakotoka. Risiti ya muuzaji si hati hiyo. Barua ya rafiki kwamba mti wake ni mzima si hati hiyo. Anza kwa kuuliza mamlaka ya nchi unakopeleka kama inadai kibali cha kuingiza; kikihitajika, kipatikane kwanza, kwa sababu masharti yaliyomo ndiyo mkaguzi wa upande wa pili atakayoyafuata. Kisha mimea ikaguliwe na hati itolewe kabla ya kusafirishwa. Hati ikionyeshwa baada ya mzigo kufika, ikiwa na tarehe ya baadaye, haitakubaliwa. Jina la kitaalamu na idadi viandikwe kama vilivyo ndani ya kifurushi: vipandikizi 6 kwenye hati na 8 kwenye mfuko ni mzigo usiolingana na hati, hata kama viwili ulipewa zawadi. Udongo usiwepo kabisa, kwa kuwa nchi nyingi huuzuia peke yake. Unapofika, tangaza mzigo kabla ya kuulizwa. Baadhi ya nchi zitauweka karantini kwanza, na gharama ni zako.

Mzigo usio na hati huzuiwa, na kwa kawaida huteketezwa au kurudishwa, mara nyingi kwa gharama ya aliyeuingiza. Kutotangaza ni kosa la pekee, tofauti na kukosa hati, na faini zake hutofautiana nchi hadi nchi. Kifurushi cha posta kinahesabiwa sawa na begi la msafiri. Ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 14 Desemba 2019 msafiri anayetoka nje ya Umoja huo anatakiwa kuwa na hati hata kwa mmea mmoja. Orodha ya yaliyosamehewa ina matunda matano tu, nayo ni nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Mtini haumo.

Ukishapokea vipandikizi kwa njia halali, viweke mbali na miti mingine mpaka vitoe majani matano au sita. Mabaka ya njano yasiyolingana na majani yaliyopinda ndiyo ya kutafuta. Ukiyaona, usikate kitu cha kumpa jirani, na ripoti kwa ofisi ya ulinzi wa mimea iliyo karibu nawe ukiwa na picha ya jani, mbele na nyuma, pamoja na nakala ya hati.