Familia ya kigeni ikija Dar kufundisha watoto: yanayodhaniwa na yalivyo

"Anayejua Kiingereza anaweza kumfundisha mtoto kusoma." Hapa ndipo makosa makubwa yanapoanzia, na hayaonekani mpaka mgeni ameshapanda ndege. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili katika shule ya serikali anajifunza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili. Amezoea a, e, i, o, u zitamkwe zilivyo. Mgeni anaandika E ubaoni na kuitaja kwa Kiingereza, "ii". Kwa mtoto hiyo ni i. Ikifika zamu ya I yenyewe, anasikia "ai". Akirudi kwenye neno "meli" anasita, mara anasoma "mili", na mwalimu wa darasa anabaki kufumua na kushona upya.

Kwa hiyo mgeni asifundishe silabi. Akae na mwalimu wakate manila, waandike kadi za ba, be, bi, bo, bu. Kadi hizo zitatumika hata akishaondoka. Kufundisha kwake kuwe mazungumzo ya Kiingereza kwa watoto wa darasa la tano kwenda juu: kundi la sita hadi wanane, dakika 30, jambo moja kwa siku, kama kuuliza bei au kuelekeza njia. Mwalimu wa kituo, yaani shule au makao yanayompokea mgeni, awepo muda wote, maana ndiye atakayeliendeleza kundi.

"Hakuna mshahara, basi viza ya utalii inatosha." Haitoshi. Anayejitolea anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na kituo kinachompokea lazima kiwe kimesajiliwa na kiwe na nyaraka zake. Anzeni miezi kadhaa kabla, tiketi zikiwa bado hazijakatwa.

"Likizo yao ya kiangazi ndio wakati mzuri." Shule zetu nazo hufungwa Juni, hadi mapema Julai. Familia yenye wiki tatu ikija Juni kwa ajili ya shule itakutana na mlinzi na makufuli. Waje shule zikishafunguliwa, au kituo kiandae kambi ya kusoma ya asubuhi.

"Watoto wa makao ya kulelea watoto hawana mtu." Wengi wana mzazi au ndugu aliye hai, walichokosa ni uwezo wa kulelewa nyumbani. Mgeni anayewabeba na kuwakumbatia wiki mbili kisha akatoweka anawaongezea jeraha la kuachwa. Tunalisisitiza hili kuliko yote: mgeni asibaki peke yake na mtoto, asimtoe kwenda ufukweni wala hotelini, hata awe mwema kiasi gani. Aje na cheti cha polisi cha nchi yake kinachoonyesha hana rekodi ya uhalifu. Makao yawe yamesajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Afisa Ustawi wa Jamii ajue ujio huo. Picha zisipigwe bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na nembo ya shule kwenye sare isionekane. Mkiona jambo la kutia shaka, pigeni 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

"Watoto wao nao watafundisha." Mtoto wa miaka kumi si mwalimu. Mwacheni aingie kwenye rede na kombolela. Kiingereza cha mchezoni kinashika haraka kuliko cha ubaoni.

"Mizigo ya zawadi ndiyo msaada." Madaftari, kalamu na chaki vyote vipo Kariakoo, na madawati yanachongwa na mafundi wa Keko, ambao wataitwa tena mguu wa dawati ukivunjika. Vitabu vya hadithi za theluji havimsaidii mtoto wa Mbagala anayejifunza kusoma; vitafutwe vya Kiswahili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, hivyo vitu visifungwe humo. Na chochote kitakacholetwa akabidhiwe mkuu wa kituo, kiandikwe kwenye daftari la vifaa. Pipi zikigawiwa getini, kesho yake watoto watakuwa getini wakati wenzao wako darasani.