Bisibisi kuingia si kutosha

Katika vibanda vya mafundi wa soko la Kibuye, Kisumu, kuna kauli ya tangu zamani: bisibisi ikiingia kwenye mfereji wa skrubu, inatosha; ikiteleza, kandamiza zaidi. Si kweli, na imeharibu skrubu nyingi za cherehani, na za bunduki pia.

Itazame ncha ya bisibisi bapa ya kawaida kutoka upande. Imechongwa kama kabari, nene juu na nyembamba chini. Mfereji wa skrubu ya bunduki una kuta zilizosimama wima, kwa hiyo kabari hiyo hugusa kingo za juu tu. Ukizungusha, umbo lenyewe linaisukuma itoke, na kingo zinamenyeka. Ndiyo maana kukandamiza hakusaidii sana.

Inayofaa ina pande sambamba kwenye ncha. Ifike chini kabisa, ijaze mfereji bila kuchezacheza, na upana wake usizidi kichwa cha skrubu, la sivyo itakwaruza chuma cha pembeni. Kwa sababu hiyo seti za mafundi bunduki huwa na ncha nyingi za kubadilisha. Fundi mwenye jiwe la kunolea la mashine anaweza kuchonga ncha ya kawaida, lakini aichovye majini mara kwa mara: chuma kikipata moto hadi kugeuka buluu kimeshapoteza ugumu.

Na mwenye bunduki ya leseni, kabla hajagusa bisibisi yoyote, ahakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani sehemu ya bunduki inapokaa risasi ya kufyatuliwa, haina risasi.