"Kaza tumbo, amsha bega": maana yake katika mazoezi tiba

Aliyeumia bega akianza mazoezi tiba, maneno haya atayasikia kila siku. Wengi huitikia kwa kuvuta tumbo ndani, kubana pumzi na kukakamaa mwili mzima. Sivyo inavyotakiwa, na ndiyo maana nataka tuyaeleze vizuri.

Tumbo linalosemwa hapa ni sehemu yote ya kati ya kiwiliwili: kiwambo cha kupumulia juu, misuli ya sakafu ya nyonga chini, misuli midogo inayoshika uti wa mgongo, na msuli wa ndani kabisa wa tumbo unaozunguka kiuno. Huo wa mwisho ni kibwebwe cha mwili. Mama hujifunga kibwebwe kabla ya kushika mchi, hangoji kiuno kimuume. Katika miaka ya 1990, Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwapima watu wakiinua mkono kwa haraka. Kwa wasio na maumivu, msuli huo wa tumbo ulianza kazi kabla ya msuli wa bega. Kwa wenye maumivu ya mgongo, ulichelewa.

Sasa bega lenyewe. Kombe la bega, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, halina kiungo kati yake na mbavu. Limelalia misuli na kushikwa na misuli. Ukiinua mkono hadi juu kabisa, nyuzi 180, takriban 120 hutoka kwenye kiungo cha bega na 60 hutokana na kombe kuzunguka. Kazi hiyo ya kuzungusha hufanywa hasa na msuli wa ubavuni ukisaidiana na msuli unaotoka shingoni hadi katikati ya mgongo (trapezius), huku misuli minne midogo ikikishika kichwa cha mfupa wa mkono kisichopoke katikati ya kiungo. Mkono ukikaa wiki kadhaa kwenye tanji, kitambaa cha kuuning'iniza shingoni, misuli hii hulegea, na sehemu ya trapezius iliyo shingoni hubeba mzigo usio wake. Ndipo unamwona mtu anafuata kikombe kabatini, na bega linapanda hadi sikioni.

Kuamsha ni kuirudisha misuli hiyo kazini kwa wakati wake. Jaribu ukutani: viganja usawa wa mabega, viwiko vimenyooka. Toa pumzi taratibu mpaka usikie tumbo likijibana kidogo chini ya kitovu. Bila kukunja viwiko, usukume ukuta hadi makombe yatawanyike, kisha yaachie yarudi. Ukishindwa kuongea huku unafanya, umekaza kupita kiasi. Bega likipanda, sogea karibu na ukuta.

Wengine, kwa kuambiwa "shusha bega", hulikandamiza chini hata mkono ukiwa juu ya kichwa. Hapo wanalizuia kombe lisizunguke, na maumivu hurudi.

Aliyeshonwa kano za bega asijaribu hili mpaka mtaalamu wake amruhusu. Kano huchukua wiki nyingi kushikana na mfupa.