Asubuhi ya nyota njema: utoto wa watu wakubwa tunausimuliaje?

Kila msimu wa ziara za shule, watoto wanapoingia makumbusho hapa Arusha, kuna swali moja ambalo silikosi. Mtoto ananisalimia, "Shikamoo," ananyoosha kidole kwenye picha ya Mwalimu Nyerere, kisha anauliza: "Yeye alikuwa anashika namba ngapi darasani?"

Najua linakotoka. Tumewakuza kwa methali kwamba nyota njema huonekana asubuhi, kwa hiyo mtoto anayetaka kuuelewa ukubwa wa mtu anatafuta dalili zake utotoni. Lakini miaka yangu ya kushughulika na kumbukumbu imenifanya niwe mwangalifu na methali hiyo. Asubuhi ya mtu mashuhuri husimuliwa na watu ambao jioni yake wameshaiona. Wanarudi nyuma wakiokota yale yanayofanana na mwisho, mengine wanayaacha njiani. Mimi nawashauri walimu na wazazi wabadilishe swali. Mtoto huyu alikaa na nani? Alikuwa na nini mkononi? Nani alimsikiliza wakati bado si mtu wa kusikilizwa?

Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Watoto wakisikia "mtoto wa mtemi" wanawaza kiti cha enzi na watumishi. Mtemi alikuwa na wake 22, na Mgaya wa Nyang'ombe, mama yake Kambarage, alikuwa wa tano. Mtoto alichunga, alilima, alibeba mizigo kama wenzake. Shule aliianza mwaka 1934, ana miaka 12, huko Mwisenge, Musoma, kiasi cha kilomita 40 kutoka kwao. Na inasimuliwa kwamba kilichomfikisha huko ni bao: mtemi jirani, rafiki wa baba yake, alicheza naye, akaona kichwa cha yule kijana kinavyofanya kazi, akamshauri mzee ampeleke shule.

Kwa sababu ya simulizi hiyo, mezani kwangu hapakosi bao. Ni ubao mzito wa mninga, mashimo 32, kete 64 za komwe zilizong'aa kwa kushikwa. Nawaachia watoto wacheze kwanza, ndipo nizungumze. Mtoto anayeanza hudondosha kete moja moja huku anahesabu kwa sauti, na kete ya mwisho ikianguka anashangaa imefika wapi. Mzee aliyelizoea bao anatazama tu, kimya. Anapopeleka mkono shimoni ameshajua kete ya mwisho itaangukia wapi, atakula nini, ataendelea kuzunguka mpaka wapi, na mwenzake atabaki na nini cha kumjibu. Na hayo anayafanya huku mazungumzo yanaendelea: kesi ya mpaka wa shamba, ng'ombe waliolipwa na ambao bado, mahari ya binti wa fulani. Kijana aliyeruhusiwa kukaa hapo alikuwa anajifunza mambo mawili kwa mkupuo mmoja, kupanga hatua za mbele na kusikia watu wazima wanavyoamua mambo yao. Hii ni tafsiri yangu, na naisimamia: baraza lile lilimfundisha siasa kabla ya kitabu chochote.

Na namjibu mtoto swali lake pia, maana ni haki yake. Ndiyo, alikuwa hodari. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaingia Tabora. Ila pasipo yule mtemi jirani tusingekuwa na darasa la kuulizia.

Mfano wa pili ninaupenda zaidi, kwa sababu huyu hakuwa mtoto wa mtemi, wala hakuja kuwa mwanasiasa. Mwaka 1963 mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu shuleni. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu na wanafunzi wakaigombania. Mwenzake akaingiza maziwa bila hata kuyachemsha. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi akafungua: ya kwake yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganya mambo, hilo haliwezekani. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaifanya utani: akikosea hesabu, wanasema ni hesabu za Mpemba. Ningependa msomaji akae kidogo na kijana huyo hapo. Aliona kwa macho yake na aligusa kwa mikono yake, na kila aliyemzidi elimu anamwambia hakuona.

Siku moja Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, akaitembelea Mkwawa. Mpemba akasimama mbele ya darasa zima na kumuuliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini? Wanafunzi wakacheka. Osborne naye alidhani kijana amekosea, lakini aliahidi kulijaribu, na ahadi akaitimiza. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kuwa ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 mwanafunzi na mwalimu wakachapisha makala pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa hapa kwetu, Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, kule juu ya Moshi. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu chanzo cha jambo lenyewe, na wengine kama linatokea kila mara, lakini jina wanalolitumia ni la kijana aliyegombea nafasi kwenye friji ya shule.

Kuna watu wetu wengine ambao utoto wao haukuandikwa kabisa. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, ni mmoja. Tunajua alirithi uongozi akiwa kijana, baba yake Mangi Rindi alipofariki mwaka 1891. Tunajua mwaka 1892 majeshi yake yaliwashinda Wajerumani, na tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Alicheza nini, alimwogopa nani, hakuna aliyeandika. Hapo mtafiti asijaze pengo kwa hadithi tamu. Aangalie nyumba aliyokulia. Boma la Rindi lilikuwa njia panda. Misafara ya pwani ilipita kununua pembe, na Kiswahili kilizungumzwa barazani. Mmisionari Charles New alifika mwaka 1871, Harry Johnston mwaka 1884, na mwaka uliofuata wamisionari Waingereza wakapewa mahali pa kukaa. Wajumbe wa Rindi walifika mpaka Berlin. Mtoto wa boma hilo alikua akimwona baba yake akimpima kila mgeni, anampa huyu na kumnyima yule. Hayo tunaweza kuyasema kwa uhakika, na yanatosha kumwona Meli kama kijana aliyewajua wageni kabla hajapigana nao.

Ya Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, yananiuma. Kila tarehe 12 Aprili tunakumbuka kifo chake cha mwaka 1984, na ajali ile tunaijua hatua kwa hatua. Utoto wake Monduli, alikozaliwa mwaka 1938, na miaka yake ya shule Umbwe, huko Moshi, tunaitaja kwa sentensi moja na kusonga mbele. Waliochunga naye na waliosoma naye wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo ombi langu ni la haraka. Kama una bibi au babu aliyekua na mtu aliyeacha alama, awe mwalimu wa kwanza wa kijiji, mkunga, au kiongozi wa ushirika, kaa naye ukiwa na simu inayorekodi, na uzungumze naye kwa lugha ya nyumbani. Usimbane kwa miaka. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo gani: rika gani lilikuwa limetahiriwa, nzige walikuwa wameshakuja, Thomas Marealle alikuwa ameshasimikwa kuwa Mangi Mkuu mwaka 1952? Mwaka utaupata baadaye. Na usianze na "alikuwa mtu wa namna gani", kwa sababu utapewa hotuba ya msibani.

Nilifanya kosa hilo mwaka jana kwa mzee mmoja wa Old Moshi, nilipomuuliza habari za kaka yake aliyekuwa karani wa ushirika wa kahawa. Alinipa hotuba: mpole, mchapakazi, mcha Mungu. Ndipo nikamuuliza, "Mlipokuwa wadogo, Babu, mlikuwa mnalala wapi?" Akanyamaza, akacheka, akaniambia nyumba ilikuwa moja na mbuzi, wao upande huu, mbuzi upande ule, na kaka alilala karibu na moto kwa sababu ndiye aliyekuwa na kitabu. Kisha akainuka, akanipeleka nyuma ya migomba, akachora mstari kwa fimbo pale ukuta ulipokuwa. Nje ya mstari akapiga ardhi mara mbili. Hapo, akasema, kaka alikuwa akifagia kila jioni akitoka shule, kisha anawaandikia herufi kwa kijiti, na asiyezijua hapewi ndizi ya kuchoma.