Je, kila kaburi kubwa ni la mfalme?

Nilipoona kwa mara ya kwanza picha ya Lothagam Kaskazini, tuta la mazishi lililo magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, nilijiuliza ni mtemi gani aliyelala humo. Swali lenyewe lilikuwa na kosa. Kama wengi waliofunzwa historia ya kale kwa piramidi za Misri, niliamini kwamba mawe mazito hayasogei bila bwana wa kuamuru, na kwamba penye kazi kubwa ya pamoja hapakosi wanaotuma na wanaotumwa. Wanaakiolojia wengi nao walishikilia dhana hiyo kwa muda mrefu, jambo linalonifariji kidogo.

Tuta hilo ni la wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, waliolitumia kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, mvua zikipungua na ziwa likirudi nyuma. Walijenga jukwaa lenye kipenyo cha mita 30 hivi, wakazika wafu katika shimo la katikati, kisha wakalifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo juu yake. Utafiti wa Elisabeth Hildebrand na wenzake, uliotolewa mwaka 2018, ulikadiria kuwa wamo watu wasiopungua 580, wazee kwa watoto wachanga, wanaume kwa wanawake, pasipo sehemu iliyotengwa kwa wenye vyeo.

Hawakufukuliwa wote. Mnunuzi wa maharage hamwagi gunia zima sakafuni. Huchota kibaba, akakisia punje zilizomo guniani, na akiona mchanganyiko ni uleule kila anapochota, huamini kuwa hakuna aina iliyotengwa pembeni. Ndivyo ilivyokuwa hapa: marehemu waliofukuliwa walikuwa na mapambo yao, kama vile shanga za mawe ya rangi, na hakuna aliyependelewa waziwazi. Kuna hata pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wadogo wa jangwani, kazi ya subira isiyo ya kawaida. Hata hivyo, kibaba hakionyeshi kila kilicho guniani, na waliozikwa sawa huenda hawakugawana ng'ombe sawa.

Kwa hiyo sehemu ambayo haijaguswa ndiyo akiba ya ushahidi, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza uchimbaji wa mambo ya kale bila leseni. Ushanga uliong'olewa mahali pake hubaki ushanga, lakini hauwezi tena kueleza kama ulivaliwa na mtoto au mzee, na hoja yote ya usawa imesimama juu ya kulijua hilo.